Moshi wa Saa Mbili

Siku ya tano baada ya nyumba ya Bi Mwanaupe kuungua, moshi ulipanda tena palepale.

Mkaguzi Skolastika Magesa aliuona akiwa kwenye kibaraza cha Flora, muuza mihogo, juu ya mteremko wa Kamunyonge. Chini yao yalikuwa mapaa ya mabati, halafu kuta nne nyeusi zilizobaki za ile nyumba, halafu ziwa, limelala jeupe bila hata mkunjo. Juu ya kuta zile moshi ulijikusanya taratibu, wa rangi ya majivu. Ulipanda, ukanenepa katikati, ukasimama kama mtu anayefikiria aelekee wapi. Haukuwa na harufu. Hakuna aliyekimbia. Mama mmoja alipita njiani na ndoo kichwani, hakugeuza hata shingo.

Skolastika alitazama saa yake. Ilikuwa saa mbili na dakika saba asubuhi.

"Ndio huo," Flora alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile ulikuwa hivyohivyo, afande."

Maelezo ya Flora yalikuwa ukurasa wa tatu wa jalada, na jalada zima lilikuwa limeegemea hapo. Ijumaa saa mbili asubuhi, alisema, aliona moshi mzito juu ya nyumba ya Bi Mwanaupe. Wakati huohuo alimwona Benson, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye karakana yake imepakana na nyumba hiyo, akifunga mlango wake na kuondoka mbiombio na begi begani. Saa nne na robo ndipo watu walipopiga kelele za moto. Gari la zimamoto lilipofika, paa lilikuwa limeshashuka. Bi Mwanaupe, mwenye miaka sabini na minane, alikutwa nyuma ya mlango wa mbele, na mlango huo ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje.

Mengine yalikuja yenyewe. Benson aligombana na familia ile mwaka mzima kuhusu ukuta wa mpaka. Watu wawili walimsikia akisema kwamba iko siku nyumba hiyo haitakuwepo. Jioni ileile aliposhuka kwenye basi la kutoka Bunda alikamatwa stendi, na tangu hapo alikuwa mahabusu, akirudia neno moja tu, kwamba hakuchoma nyumba ya mtu. Mkuu wa upelelezi alitaka jalada mezani kwake Alhamisi asubuhi, liende kwa wakili wa serikali. Leo ilikuwa Jumatano.

Kilichomsumbua Skolastika ni muda. Kati ya moshi wa Flora na kelele za kwanza zilipita zaidi ya saa mbili nzima, katika mtaa ambao mtu akikaanga samaki majirani watatu wanajua ni samaki gani. Ofisa wa zimamoto, akiangalia namna magodoro ya pamba na dari ya mbao vilivyoteketea, aliandika kwamba moto ulianzia chumba cha kulala na kwamba haukuchukua hata dakika arobaini kulifikia paa. Mkuu alisema aliyeona kwa macho yake anamshinda mtaalamu aliyefika majivu yamepoa. Skolastika hakubishana naye. Alimwomba tu Flora wasimame pamoja pale kibarazani, saa ileile.

Upepo mdogo ulitoka ziwani. Moshi uliinama, ukaziacha kuta nyeusi, ukaanza kupanda mteremko kuwafuata. Ulikuja bila haraka, na ulipofika ulikuwa na mlio, mwembamba sana, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Flora alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Kwenye kitambaa chake cha kichwa, kwenye sinia la mihogo, kwenye mkono wa sare ya Skolastika, walitua wadudu wadogo wa rangi ya majivu, wepesi kuliko vumbi, mamia kwa mamia.

"Wadudu wa ziwani," Skolastika alisema.

Flora aliwapangusa kwenye sinia. Paa la nyumba ile ndilo lililokuwa kati ya kibaraza chake na maji, na chochote kilichopanda ziwani, ukitazama kutoka pale, kilionekana kimetoka kwenye paa.

Skolastika alimuuliza polepole kama Ijumaa, wakati ule anaona, alifikiri ni moshi. Flora alikaa kwenye kigoda. Alisema amezaliwa kando ya ziwa hili, wadudu hawa anawajua tangu hajaota meno, na siku ile aliwaona akaendelea na kazi yake. Ila nyumba ilipoungua na watu wakaanza kuulizana nani aliona nini, akakumbuka kitu cha kijivu juu ya paa.

"Nilijilaumu, afande. Nikasema kumbe ule ulikuwa moshi, na mimi nimekaa hapa namenya mihogo mama wa watu anaungua. Kila nilipoukumbuka ulizidi kuwa mweusi."

Kuhusu haraka ya Benson, alisema sasa kwamba haraka ile haikuwa ngeni kwake. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na siku za namna hiyo Benson huwa anakimbilia magari ya Bunda kutafuta vifaa. Hakuna aliyemuuliza hilo, naye hakuona sababu ya kulisema.

Skolastika aliandika maelezo ya nyongeza, akamsomea, Flora akasaini. Jalada lilipofungwa, wadudu wawili watatu walibaki katikati ya kurasa.

Koplo Boniphace aliendesha gari hadi Bunda bila mazungumzo mengi. Jua lilikuwa nyuma ya utando mwembamba, na milima upande wa kushoto ilionekana kama imechorwa kisha ikafutwa kidogo kwa kiganja. Skolastika alishika mapajani mfuko wa plastiki wenye namba ya kielelezo. Ndani yake lilikuwa lile kufuli, jeusi, limefungwa mpaka leo.

Karakana ya Mzee Khalidi ilikuwa kwenye uchochoro wa mafundi nyuma ya soko. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi, na ukutani zilining'inia funguo nyingi zisizo na wenyewe, zikigusana kila hewa ilipoingia. Mzee mwenyewe alikuwa fundi wa bawaba, vitasa na makufuli, amevaa kofia ya kufuma iliyopauka, na vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu cha kushika hata alipokuwa anasalimia. Katika maelezo yake mafupi ya jioni ile ya kukamatwa, Benson alisema Ijumaa alikuwa kwa mzee huyu. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Kama nyumba iliwaka saa mbili, Bunda ya baadaye haikumsaidia kitu.

Mzee Khalidi aliwaonyesha sakafu. Kulikuwa na geti limechorwa kwa chaki juu ya saruji, kubwa kama la kweli, lenye maua pembeni na ndege wawili wakitazamana juu. Benson alilichora akiwa amepiga magoti, alisema, ili wapime pamoja bawaba zinazofaa. Mzee hakutaka kulifagia. Wateja walioingia walikuwa wakilizunguka bila kuambiwa, kama vile limefungwa.

"Alikuja saa ngapi, mzee?"

"Watoto wa shule ya pale nyuma walikuwa wametoka kunywa uji. Ila usinishike kwa uji, mama. Nilipiga picha."

Alitoa simu. Picha ilionyesha geti likiwa nusu, na pembeni mkono wa Benson wenye chaki, na kovu la moto kwenye kidole gumba. Chini yake iliandikwa Ijumaa, saa tatu na dakika hamsini na mbili. Boniphace aliinakili na kujaza fomu. Skolastika alihesabu kimoyomoyo. Kwa maneno ya ofisa wa zimamoto, moto haungeweza kuanza kabla ya saa tatu na nusu. Kutoka Kamunyonge hadi kwenye saruji hii ni zaidi ya saa moja, hata dereva awe mwendawazimu.

Walisimama mlangoni yeye na koplo.

"Hiyo inamtoa kwenye moto," Skolastika alisema. "Haimtoi kwenye kufuli."

Boniphace alikubali. Mtu anaweza kufunga mlango saa mbili, alisema, akaacha ndani kitu kinachofuka kidogokidogo, akaenda zake Bunda kuchora maua. Ndivyo mkuu atakavyosema, na Skolastika alijua hivyo. Alitazama zile funguo ukutani kwa muda. Halafu akarudi ndani, akaweka mfuko juu ya meza ya mzee, akamuuliza kama anaweza kusoma kufuli lililoungua. Hakumwambia limetoka wapi.

Mzee Khalidi alivaa miwani. Alilipima kwanza kwa uzito, akiligeuza kiganjani, kisha akakwangua masizi kwa ncha ya msumari mahali pawili tu. Alimwita Skolastika asogee kwenye mwanga.

Upinde wa kufuli, pale unapokaa kwenye pete ya mlango, ulikuwa umelika, umefanya kijibonde laini. Tundu la ufunguo nalo lilikuwa limepanuka mdomoni, na kuzunguka tundu kulikuwa na mikwaruzo mingi midogo iliyopitana.

"Hili linafungwaga kila siku," mzee alisema. "Na kufunguliwa kila siku. Mwaka mzima, labda na zaidi. Na limekaa kwenye pete moja tu. Kufuli la kubeba mfukoni haliwi hivi. Hili lina mlango wake."

Skolastika alifungua jalada ukurasa wa kwanza. Maelezo ya Tausi, binti wa marehemu, muuza vitambaa katika soko la Musoma. Aliondoka nyumbani saa moja na nusu. Mlango aliuacha umerudishiwa tu. Kufuli la nje hawakuwa nalo.

Aliomba kufuli likatwe. Boniphace alirekodi kwa simu, mzee akasaini kabla na baada. Msumeno uliimba taratibu ubavuni mwa kufuli, na lilipofunguka, vijiti vitano vya shaba vilikuwa bado vimesimama kwenye vishimo vyao, kila kimoja na urefu wake, vimegandishwa na joto. Mzee alivipima kimoja kimoja. Kisha alichukua ufunguo mtupu, akaanza kuuchonga kwa tupa, akipuliza unga wa shaba, akipima, akichonga tena. Nje muadhini aliadhini adhuhuri, mzee akaomba radhi, akaenda kuswali, akarudi, akaendelea palepale alipoachia. Alipomaliza alimkabidhi Skolastika ufunguo mpya unaong'aa, wenye meno matano.

"Mwenye mwenzake ndiye mwenye mlango," alisema, akaenda kunawa mikono.

Bi Mwanaupe alizikwa Butiama, alikokulia. Tausi alikuwa bado huko, kwa shangazi yake, nyumba ya tofali za kuchoma iliyojibana kati ya mawe makubwa. Walipofika, wanawake wachache waliobaki matangani walikuwa wanachambua mchele uani. Shangazi, mama mnene mwenye sauti nzito, aliwaambia Tausi yuko nyuma, anaanua nguo.

Boniphace alibaki kwenye gari. Skolastika alizunguka peke yake. Juu ya mawe, ambayo jua la siku nzima lilikuwa limeyapasha, zilitandazwa kanga na mashuka, nyekundu, njano, nyeupe, na Tausi alikuwa anapita katikati yake bila viatu, anazikunja moja moja. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita hivi, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu asiyetaka kuamsha mtu aliyelala.

Skolastika alimpa pole tena. Tausi alisema ameshapoa. Alitoa shuka kwenye jiwe moja ili mgeni akae, naye akakaa kwenye jingine.

Skolastika hakuuliza. Aliweka ule ufunguo mpya juu ya jiwe, katikati yao.

Tausi aliutazama. Upepo ulipita ukainua pindo za nguo, ukaziachia. Baadaye alishika fundo kwenye ncha ya kanga yake kiunoni, akahangaika nalo kwa vidole, likafunguka. Akatoa ufunguo mwingine, mweusi, uliolika, akauweka kando ya ule wa kwanza. Meno yalilingana.

"Dada Tausi," Skolastika alisema, "kabla hujanieleza chochote. Hulazimiki kusema. Ukisema nitaandika, na nitakachoandika kinaweza kwenda mahakamani. Unaweza kungoja ndugu au wakili."

"Nimengoja siku tano," Tausi alisema. "Andika."

Alieleza bila kulia, akitazama mawe. Akili ya mama yake ilianza kuondoka miaka miwili iliyopita. Ilianza na majina ya vyombo, ikafuata majina ya watu, mwisho akawa anamwita Tausi mama. Lakini Butiama hakuisahau. Kila asubuhi alisema anasubiriwa Butiama, baba yake anafunga duka la vitambaa na hawezi kurudi nyumbani peke yake, wakati baba huyo alishafariki kabla Tausi hajazaliwa. Mara mbili alitoka akapotea, wakamkuta stendi. Mara ya tatu wavuvi walimwona ziwani, maji yamemfika kifuani, mzigo wa nguo kichwani, anatembea kwa utulivu kuelekea ndani. Aliwaambia anafuata njia ya mkato.

Baada ya hapo Tausi alinunua kufuli. Alificha visu, akatoa viberiti vyote ndani ya nyumba. Saa sita kila siku alifunga meza yake sokoni, akaenda kumlisha, akarudi. Ijumaa ile alimpikia uji, akayafukia makaa kwa majivu kwenye jiko la uani, palipozungushiwa ukuta mrefu, ili saa sita ayakute ya kuchemshia maji ya kumwogesha. Akafunga, akaondoka.

Skolastika alimuuliza kuhusu chetezo. Ofisa wa zimamoto aliokota chetezo cha udongo chini ya vyuma vya kitanda, na katika nyumba isiyo na kiberiti hakuna aliyeelewa kimefikaje pale na masizi mapya ndani.

Tausi aliinua uso kwa mara ya kwanza. Ni wazi hakuwa amelisikia hilo.

Alisema baba yake alipokuwa hai, kila Ijumaa mama yake alifukiza udi chumbani, akafukiza kanzu, akafukiza shuka, ili mumewe akitoka msikitini akute nyumba inanukia. Baba alifariki miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo chetezo kilikaa juu ya kabati. Hakikuwahi kushushwa.

Alitazama mbele, kama anayemfuata mama yake kwa macho: anatoka uani, anafukua majivu, anachukua makaa, anarudi ndani.

"Alikuwa hanijui mimi, mtoto wake wa kumzaa," alisema. "Ijumaa aliijuaje?"

Skolastika aliliandika swali kama lilivyosemwa, ingawa fomu haikuwa na nafasi ya maswali ya mashahidi.

Kilichobaki Tausi alikisema kwa haraka. Jirani alimpigia simu sokoni. Alikimbia.

"Nilifika na ufunguo mkononi, afande. Mlango unawaka. Watu wananivuta nyuma, wengine wanauliza nani kafunga, nani kafunga. Mtu akasema kafungiwa na adui. Mwingine akamtaja Benson. Nikasikia kama nimetuliwa mzigo. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake tukamzika. Nikasema tukianua tanga. Kila siku ilikuwa na kesho yake."

Aliuliza kama Benson anakula huko aliko. Skolastika alisema anakula kidogo.

Tausi alimaliza kukunja nguo zilizobaki, akazipanga kwenye beseni, akaingia nazo ndani. Kupitia dirishani Skolastika alisikia sauti yake, kisha sauti ya shangazi ikisema kwamba hatakwenda peke yake. Walitoka wote wawili wamejifunika. Walipopita kaburi, lililokuwa pembeni mwa shamba, udongo wake bado mwekundu, Tausi alisimama kidogo. Hakusoma dua. Alisimama tu kama mtu anayehakikisha kwamba aliyemwacha amekaa vizuri, kisha akapanda gari.

Kwenye barabara ya kurudi Musoma jua lilikuwa limeinama, na mashamba yalikuwa ya dhahabu hafifu. Nyuma, shangazi alikuwa amemshika Tausi mkono. Skolastika alijaribu kupanga ripoti kichwani, na kila alipoifikisha mwisho ilikataa kufungika. Karakana ya Benson ilikuwa hatua sita kutoka ule mlango, na hakuna nyumba nyingine iliyoutazama. Alifungua kazi saa moja kila asubuhi. Kwa mwaka mzima Tausi alifunga kufuli lile mbele ya macho yake. Kama kuna mtu aliyejua limefungwa na nani, ni yeye. Alihojiwa mara tatu kuhusu kufuli na mara zote tatu alitazama sakafu. Skolastika mwenyewe, Jumamosi, aliandika pembeni ya karatasi kwamba mtuhumiwa anakwepa.

Kituoni kazi ilikwenda kwa utaratibu wake. Maelezo ya Tausi yaliandikwa upya, yakasomwa, yakasainiwa. Mkuu wa upelelezi aliyasoma mara mbili, akatazama picha ya geti la chaki, akaweka funguo mbili moja juu ya nyingine akizilinganisha kwenye mwanga wa dirisha. Alisema jalada litakwenda kwa wakili wa serikali kama lilivyo, na wakili ndiye ataamua kama Tausi atashtakiwa kwa uzembe, au kwa kuwadanganya polisi, au kwa yote mawili. Kwa sasa ataachiwa kwa dhamana. Shangazi alisaini kwa herufi kubwa zilizonyooka. Kisha mkuu akasema, bila kumtazama Skolastika, Benson atolewe.

Aliletwa ofisini saa kumi na mbili jioni. Benson alikuwa mrefu, mabega mapana yaliyoinama kidogo, na siku tano zilikuwa zimemwachia ndevu zenye mvi ambazo pengine hata yeye hakujua anazo. Alirudishiwa mkanda na viatu. Aliposikia yuko huru aliitikia kwa kichwa, akakaa kuvaa viatu. Ndipo alipomwona Tausi kwenye benchi la ukutani.

Tausi alisimama. Alisema, "Benson, mimi ndiye niliyefunga." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayetaja jina lake anapoulizwa.

"Najua," Benson alisema.

Skolastika aliweka kalamu chini. Hili halikuwa la kuandika, alisema, lakini anataka kulijua. Kama angetamka neno moja tu siku ya kwanza, Ijumaa ileile angelala kitandani kwake.

Benson alifunga kamba za kiatu kimoja mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Nilikuwa namwonaga kila asubuhi. Anafunga, anavuta kuona kama limeshika, halafu anaegemeza paji la uso mlangoni kidogo, ndio anaondoka. Kila siku." Alishika kiatu cha pili lakini hakukivaa. "Siku ile mlinikamata bado hajamzika mama yake. Ningesema, mngemleta yeye humu, maiti iko hospitali. Nikasema atasema mwenyewe akishazika. Siku zikapita. Nikaona aibu kusema baadaye."

"Ulikuwa unajiandaa kushtakiwa kwa mauaji," Skolastika alisema. "Kwa ajili ya jirani unayegombana naye ukuta."

"Ukuta ni ukuta, afande."

Kulikuwa na kitu kingine, na wote chumbani walimngoja akifikie. Nje ya dirisha sauti za mji zilikuwa zinapungua, na ukutani mwanga wa jioni ulikuwa umepanda hadi karibu na dari.

"Na mimi nina mama," Benson alisema. "Yuko kijijini Kiriba, na mke wangu. Ameanza kutembea hovyo tangu mwaka jana. Mke wangu akienda shambani tunamfungiaga. Kufuli nilinunua mimi." Alimtazama Tausi, kisha akatazama mikono yake. "Mlivyoniuliza nani kafunga, nikashindwa kufungua mdomo. Niliona kama mnaniuliza mimi."

Tausi alikaa chini polepole. Shangazi alimsogelea.

Benson aliomba simu. Yake ilikuwa haina chaji tangu Ijumaa. Skolastika alimpa ya kwake, naye akabonyeza namba kwa kidole gumba chenye kovu, akikosea, akifuta, akianza tena. Iliita muda mrefu.

"Mama Ryoba, ni mimi. Wameniachia. Mzima, ndiyo." Alisikiliza. Upande wa pili mwanamke alikuwa anaongea haraka na kwa furaha, na sauti yake ilisikika chumbani bila maneno. "Nakuja leo. Sikiliza kwanza. Uko wapi? Shambani? Na mama?"

Alifumba macho.

"Rudi nyumbani ukamfungulie. Hapana, usikate simu. Kwani ni mbali? Nenda, mimi nasikiliza. Akitaka kutembea, tembea naye."

Benson alikaa na kiatu kimoja mguuni na simu sikioni, akisikiliza miguu ya mkewe ikipita kwenye majani makavu, kisha kwenye changarawe, kisha uani, na hakumrudishia mkaguzi simu yake mpaka aliposikia mlango wa Kiriba ukifunguliwa na mama yake akiuliza ni nani.